Msumari Mmoja, Magitaa Mawili

Nyumba ilikuwa ya Rabiata. Alijengewa na wazazi wake kabla hajaolewa, kama ilivyo desturi ya Wangazija, hata wale waliozaliwa Mahajanga, huko Madagaska, wasioijua Ngazija ila kwa kusimuliwa. Mume, siku ya harusi, alihamia humo na sanduku lake la nguo. Kwa hiyo ukuta ulikuwa wa Rabiata, msumari uliokuwa ukutani ulikuwa wa Rabiata, na siku mbili kabla ya safari ya kisiwani Nosy Be alisimama mbele ya msumari huo, mikono kiunoni, akatoa hukumu.

"Baba Fatima, msumari ni mmoja. Magitaa ni mawili. Moja litoke."

Soilihi alikuwa ameketi mkekani akilifuta gitaa lake jipya kwa kitambaa laini, kazi aliyoifanya kila jioni akirudi kutengeneza posiposi, vile vigari vya kuvutwa na mtu vilivyojaa mjini. Gitaa lilikuwa gitaa kweli, la mbao za rangi ya asali, tundu lake limezungushiwa nakshi. Alilinunua huko Amborovy kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao baada ya uhuru. Akiba ya miaka mingi ilikwenda pale, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru na bado majirani wa mtaa wao wa Mahabibo walikuja kulitazama. Wenyewe walilibatiza jina: Mfaransa. Mfaransa alikuwa na sanduku lake lenye mahameli nyekundu ndani, na Rabiata alipenda kuwaambia wageni kwamba gitaa la mumewe linalala pazuri kuliko mke wake.

La pili lilikuwa la kijani. Seremala wa mtaani alilitengeneza kwa mbao za masanduku ya chai, akalipaka rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa mtu. Nyuzi zake mbili zilikuwa waya wa breki za baiskeli. Lilipopasuka, lilizibwa kwa lami ya kuzibia mitumbwi. Limewahi kulaliwa na mbuzi, limewahi kukaliwa na mgeni mnene aliyekuja kutoa rambirambi, na mwaka wa kile kimbunga lilikesha likiwa kigingi cha mlango.

"Hili la kijani ni la safari," Soilihi alisema. "Kila mpigaji ana la nyumbani na la njiani. Kuna chumvi, kuna jua, kuna mvua, kuna watoto. Mfaransa ukimpandisha melini, gundi itaachia."

"Safari gani? Tangu umnunue huyo Mfaransa umekwenda wapi wewe? Sokoni! Kesho kutwa tunakwenda kumwoza mdogo wangu kwa watu wa Nosy Be, nawe unataka kuwaingilia na mlango mkononi."

Hapo ndipo palipouma. Mdogo wake Rabiata, Hamidou, alikuwa amechumbia kijijini Ambatoloaka, kwa watu wenye mashamba ya langilangi na wenye ulimi. Wiki tatu nyuma, shangazi wa bibi harusi, Bweni Koulsoum, yaani Bibi Koulsoum, aliandika barua ndefu ya salamu, na mwisho wake akauliza: je, mna mpigaji wenu, au tuwatafutie wa kwetu anayejua? Rabiata alilitafuna neno hilo, anayejua, kwa wiki tatu nzima. Alijibu kwamba mpigaji ni mume wake mwenyewe, na kwamba Nosy Be watasikia. Basi muziki wa harusi ukawa heshima ya nyumba, na heshima ya nyumba ikawa mikononi mwa Soilihi.

Jikoni, Bi Zaharia, mama yake Rabiata, alikuwa akisikiliza kila neno huku akichambua mchele. "Mwanangu Soilihi, mimi sisemi kitu," alisema, kama alivyosema kila alipotaka kusema kitu. "Ila wakiliona hilo la kijani watadhani tumewaletea kuni."

Likakatwa shauri. Mfaransa aende harusini. La kijani apewe muuza karanga, akaangie karanga zake. Soilihi alikubali bila ubishi wowote, na mke mwenye akili kama Rabiata alipaswa kushtuka hapo hapo. Lakini alikuwa na mambo mengi kichwani.

Meli ilikuwa ndogo, ya mizigo, yenye magunia ya mchele, kuku, na abiria waliokaa popote palipobaki. Vitu vya bibi harusi vilijaa masanduku matano. Bi Zaharia, aliyewahi kuibiwa kanga bandarini akiwa msichana na hajasamehe mpaka leo, alifunga kitambaa chekundu kwenye kila sanduku la harusi ili yasichanganyike na mizigo ya watu. Alipofika kwenye sanduku la Mfaransa akalikuta halina kitambaa, akasikitika. Kitu cha thamani kuliko vyote kiachwe hivi hivi? Akalifunga vitambaa viwili. Kila mtu alimwona akifunga, na hakuna aliyesema neno.

Siku ya pili bahari ilichafuka. Rabiata, ambaye tangu alfajiri uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, alijikokota mpaka kwenye furushi la mikeka yao akajitupa juu yake. Furushi likalia: ting. Akanyanyuka. Akakaa tena polepole. Ting.

"Baba Fatima, mikeka yetu inaimba."

"Ni bahari hiyo, mke wangu."

"Bahari haina nyuzi."

Alifungua furushi kwa hasira zote za mtu anayetapika tangu asubuhi, akalitoa la kijani, akaliinua juu ya kichwa chake tayari kulitupa majini. Abiria wote wakageuka. Wakati huo huo wimbi likapiga ubavu wa meli, maji yakaruka, na Rabiata, bila kufikiri, akalishusha gitaa mbele ya uso wa bintiye Fatima aliyekuwa amelala mgongoni mwa bibi yake. Maji yote yaliishia kwenye gitaa. Mtoto hakupata hata tone. Mabaharia walipiga makofi, na Rabiata akajikuta ameshika kitu ambacho hakiwezi tena kutupwa mbele ya watu wale.

Mchana kutwa la kijani lilifanya kazi. Lilikinga upepo jiko la makaa lipate kuwaka. Mama mmoja alikatia vitunguu mgongoni mwake. Fatima alilala juu yake, akaamka, akalitemea mate, akalala tena. Bahari ilipotulia, Soilihi alilimwaga maji, akalipangusa kwa shati, akaanza kulipiga, nalo likatoa ile sauti yake ya kukwaruza inayomfanya mtu atikise bega kabla hajakata shauri la kucheza. Mpishi wa meli alicheza na sufuria. Rabiata aliimba beti zote, akikatiza kila baada ya ubeti kumkumbusha mumewe kwamba bado ana hasira.

"Tukifika linarudi mikekani," alisema. "Likionekana na watu wa Nosy Be, utarudi Mahajanga kwa kuogelea."

Kutoka Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, walipanda lori mpaka Ambatoloaka, mizigo juu, watu juu ya mizigo, harufu ya langilangi ikiwaingia puani njia nzima. Kabla lori halijasimama sawasawa, wanawake wa upande wa bibi harusi walikwisha kulizunguka kwa vigelegele. Mwenye kichwa alichukua sanduku, na asiye na sanduku alichukua beseni. Kitambaa chekundu kilikuwa alama, na hakuna aliyehitaji kuelezwa alama hiyo maana yake nini. Msafara ukaondoka kwa nyimbo kuelekea nyumba ya bibi harusi. Soilihi na Hamidou walichukuliwa na wanaume kwenda upande mwingine kunywa sharubati.

Desturi iko wazi. Vitu vya bwana harusi vinaingia mlangoni kimoja kimoja, na mama mwenye sauti anavitangaza ili kila shahidi asikie. Kilichotangazwa kikavuka kizingiti ni mali ya bibi harusi. Kinapangwa chumbani, watu wanakuja kutazama, na kwa siku saba za fungate hakuna mkono unaokigusa.

"Kanga doti arubaini!" sauti ilipaa juu ya ua. Vigelegele. "Viatu jozi nne, na vyote vina visigino! Mkufu! Bangili sita! Marashi ya Paris!" Bweni Koulsoum, aliyesimama pembeni akiwa amekunja midomo, alianza kuikunjua. Kisha pakasikika kufunguliwa kwa vibanio viwili vya chuma, na ile sauti ikarudi ikiwa imepanda zaidi. "Na gitaa! Gitaa la Kizungu, kwenye mahameli! Mahajanga wameleta gitaa!"

Vigelegele vya hapo havijawahi kusikika Ambatoloaka. Upande wa pili wa ua, glasi ya sharubati ya Soilihi ilisimama hewani. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona kati ya wanawake, mdomo wazi. Karibu naye Bi Zaharia alikuwa akipiga vigelegele kwa furaha, pumzi tatu nzima, mpaka alipoelewa.

Walikutana nyuma ya jiko la jirani: Soilihi, Rabiata, Bi Zaharia na bwana harusi mwenyewe.

"Nitawaambia ukweli," Hamidou alisema. "Kwamba limeingia kwa makosa."

"Umwambie nani?" Rabiata akamrukia. "Uende ukadai zawadi kabla hata hujaoa? Mpaka Moroni watatucheka. Wajukuu zako watachekwa!"

"Basi tuazime kwa leo tu," Soilihi alisema, sauti yake ndogo. "Nipige, nirudishe."

"Fungate," walisema wanawake wawili kwa pamoja.

Bi Zaharia alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Mimi sisemi kitu," alisema ndani ya leso, na kwa mara ya kwanza maishani kweli hakusema.

Soilihi alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Miaka ya akiba, sahani za samaki alizozikataa, viatu alivyovishona mara tatu, vyote vilikuwa chumbani mwa watu vikitazamwa na wanawake wasiojua hata wapi pa kushika. Alihisi kulia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, alilia kidogo. Kisha Bweni Koulsoum akatokea kwenye kona ya jiko, naye Soilihi akafuta uso haraka kwa mkono wa kanzu.

"Fundi!" Bweni Koulsoum alisema. "Ukarimu wako umetushinda. Lakini sasa wewe mwenyewe utapiga nini alasiri, bwana harusi akiingia nyumbani? Msione haya. Nilikwisha kuwaita wapigaji wa mjini, kama tahadhari. Wana fidla, wana kodiani, na viatu vyao vinang'aa."

Kama tahadhari! Maneno hayo mawili yalimfanya Rabiata ainuke. Yeye aliyelihukumu la kijani likaange karanga, yeye aliyetaka kulizamisha baharini, alikwenda mpaka kwenye mikeka, akalivuta, akarudi nalo amelikumbatia kama amebeba mtoto.

"Bweni, lile lililoingia ndani ni la kutazamwa," alisema. "Hili ndilo la kazi."

Bweni Koulsoum alilitazama la kijani, kuanzia lami mpaka waya wa breki. Alitazama alama za vitunguu. Akacheka kwa adabu, mkono mdomoni, kicheko kinachouma kuliko tusi. "Wallahi, mna mambo watu wa Mahajanga," alisema, akaenda zake kuwaandalia viti wapigaji wa mjini.

Viti viliwekwa mbele, chini ya turubai. Soilihi alipewa gogo, nyuma, karibu na masufuria. Hakulalamika. Wapigaji wa mjini walipiga vizuri, na Soilihi, ambaye hakuwa na husuda katika muziki, alitikisa kichwa kwa heshima kila fidla ilipopanda. Alasiri ikafika. Bwana harusi akavalishwa joho, mwavuli ukafunguliwa juu yake, msafara ukapangwa. Palibaki hatua mia mbili kutoka turubaini mpaka mlango wa bibi harusi, na hatua hizo haziendwi bila muziki. Bwana harusi anayeingia kimya ni kama aliyeingia kwa kuiba.

Mvua ikashuka. Haikuanza na matone, ilishuka yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwaga pipa. Mpiga fidla aliifungia fidla yake ndani ya koti. "Haivumilii maji hii," alisema. Mwenye kodiani alikwisha kukimbilia barazani. Bweni Koulsoum alisimama kwenye maji, viatu mkononi, akiwasihi, akiwaahidi, akiwatisha. Saa ya kuingia ilikuwa imechaguliwa na mwalimu kwa kufuata nyota, na ilikuwa inapita.

"Baba Fatima," Rabiata alisema.

Soilihi alikuwa amekwisha kusimama. Alitoka na la kijani mvuani, akaligeuza likamwaga maji, akapiga. Halikuwa tamu, lakini lilisikika kupita mvua, kwa kuwa lilikuwa na hasira kama ya mvua. Hamidou akaanza hatua. Wanawake waliona hakuna tena nguo ya kuokoa, wakaacha kujifunika, wakaingia kwenye matope wakicheza. Mabibi waliocheza mara ya mwisho kabla ya vita vya dunia walionekana wakirusha maji kwa visigino. Kila mara Soilihi aliligeuza gitaa, akalimwaga, akaendelea pale alipoachia, na kila alipolimwaga watu walipiga kelele za furaha. Watu wakaanza kumtuza. Noti za faranga zilizoloa zilibandikwa juu ya rangi ya kijani na hazikuanguka, mpaka gitaa likawa halionekani rangi. Hatua mia mbili zilichukua saa nzima. Mlangoni, Bweni Koulsoum mwenyewe, leso imemlegea, alibandika noti yake katikati kabisa, karibu na tundu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Anajua."

Rabiata alimkumbatia mumewe hadharani, jambo ambalo watu wa Nosy Be walilizungumza zaidi kuliko gitaa.

Siku saba zilipita kwa kula. Asubuhi ya nane waliokuwa wakirudi Mahajanga walikuwa gatini Hell-Ville, wakipanda meli, Hamidou alipokuja mbio. Mkononi alikuwa na sanduku la Mfaransa.

"Shemeji! Ngoja!" Alihema. "Echa anakusalimu. Mke wangu. Mama alimweleza kila kitu."

"Mimi sikusema kitu," alisema Bi Zaharia kutoka sitahani.

"Fungate imekwisha, vitu ni vyake, anaweza kumpa amtakaye. Anasema chukua lako. Yeye anataka la kijani. Anasema ndilo lililomwingiza mume nyumbani, na atalitundika mahali pa heshima. Hamtoi Mfaransa bure, anabadilisha. Haraka, shemeji, wanafungua kamba!"

Soilihi alifungua vibanio viwili. Mfaransa alikuwa amelala kwenye mahameli yake, mzima, anang'aa. Soilihi alinyoosha mkono mmoja kulipokea, na mkono wa pili, ulioshika la kijani, ukaanza kwenda mbele.

"Nyumba ni yangu," Rabiata alisema nyuma yake. "Gitaa ni lako. Sitakuchagulia. Ila nikwambie kitu. Miaka yote hii Mfaransa amekaa nyumbani kwangu, nami sijamsikia hata siku moja. Nimesikia ukimfuta tu. Unaogopa chumvi, unaogopa moshi, unaogopa mwanao. Unaniogopa hata mimi, nisipite karibu. Lile baya ndilo ulilonipigia melini, na nikaimba. Nimefurahi, Soilihi. Nilikuwa nimesahau kwamba niliolewa na mpigaji."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. Baharia alikuwa amekwisha kufungua kamba ya mbele. Soilihi alimtazama Mfaransa kwa muda ambao Hamidou aliuona mrefu kama mwezi wa Ramadhani. Akalifunga sanduku, vibanio vyote viwili, akamrudishia shemeji yake kifuani.

"Mwambie mkeo namshukuru," alisema. "Zawadi hairudi."

Akapanda. Meli ikaachana na gati, maji yakawa mapana kati yao, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, mbele ya abiria na kuku. Alimwachia Rabiata la kijani, akasukuma watu akafika ukingoni mwa meli, akaweka mikono mdomoni.

"Hamidou! Usimweke karibu na jiko!"

"Sawa!"

"Wala juani!"

"Sawa, shemeji!"

Soilihi akavuta pumzi. Nyuma yake Rabiata alikuwa ameanza kupiga mgongo wa la kijani kwa kiganja, akimsubiri. Akapiga kelele tena kwa nguvu zake zote, mpaka watu wa gatini waligeuka.

"Achana na hayo yote! Mpigeni, Hamidou! Mpigeni mpaka akatike nyuzi!"